Bustani ya Bonde la Msimbazi: kabla ya kuchora njia za watu, tuchore kwanza pale ambapo mtu hatafika

Kitwitwi wa Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Mnafahamu mradi wa Bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, na utekelezaji uko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mto utachimbwa na kupanuliwa, daraja la Jangwani litajengwa upya juu zaidi, karakana ya mabasi ya mwendokasi itaondoka bondeni, na sehemu ya bonde itageuzwa bustani kubwa ya jiji. Kuhusu mafuriko sina ubishi. Desemba 2011 tulizika watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na kila masika Jangwani inafungwa.

Mimi nataka tuzungumzie hiyo bustani. Tukisikia neno bustani wengi tunaona nyasi zilizokatwa, taa, viti vya zege na sehemu ya kupigia picha za harusi. Hivyo vyote vina mahali pake. Ila upande wa chini wa bonde, kuanzia Jangwani kushuka hadi daraja la Salenda, mto unapoingia baharini, tayari una wenyewe, na wamekuwepo kabla ya daraja lolote.

Nenda Salenda maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwenye bamvua, kwa hiyo tope linalobaki wazi ni kubwa. Kuanzia Agosti na Septemba mpaka Aprili tope hilo linajaa wageni. Kuna sululu wenye mdomo uliopinda. Kuna vitwitwi wa aina kadhaa wanaokimbia, wanasimama, wanadonoa, wanakimbia tena. Kuna chekeamwezi. Wapo wadogo kama ngumi ya mtoto ambao wametaga na kulea makinda kule Siberia ya kaskazini, wakaruka hadi hapa. Kwenye pwani ya Dar anafika pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa. Wataalamu wanamwita Dromas ardeola, na yuko peke yake katika familia yake yote duniani. Huyu hutaga ndani ya mashimo ya mchangani huko Uarabuni na Bahari ya Shamu, kisha anakuja kwetu. Wenyeji wa kudumu ni yangeyange, kulastara, mdiria na mnandi. Nyuma yao kuna mikoko na michu.

Haya yote yanaonekana ukiwa umesimama kando ya barabara yenye magari mengi kuliko karibu zote nchini, pasipo kiti wala kivuli. Ukitoa darubini hapo darajani, usishangae askari akija kukuuliza unaangalia nini. Nimeulizwa. Sikumlaumu, kwa sababu hakuna kibao chochote kinachosema hapa ni mahali pa kuangalia ndege.

Sasa hoja yangu. Wapangaji wengi wa bustani huanza na njia: watu wataingia wapi, watatokea wapi, mzunguko una kilomita ngapi. Kisha wanyama wanapewa kinachobaki. Kwenye ardhi oevu mpangilio huo unaua kile kile ambacho watu watakuja kukiona. Tuanze upande wa pili. Tuchukue ramani, tupake rangi sehemu ambazo hakuna mguu wa binadamu utakaofika kamwe, halafu njia zizunguke hapo.

Sehemu hizo ni mbili. Ya kwanza ni tope la kulia chakula. Hili linajilinda lenyewe kiasi, maana hakuna anayependa kuzama hadi magotini. Ya pili ndiyo inayosahaulika: mahali pa kusimama maji yakijaa. Maji yanapofunika tope, ndege wote hao hawana pa kula. Wanakusanyika juu ya kipande kidogo kilichobaki kikavu, wanasimama kwa mguu mmoja, wanalala, wanasubiri saa kadhaa. Ukiwakurupusha hapo, wanaruka na kuchoma mafuta waliyoyatafuta siku nzima. Mwezi Machi na Aprili mafuta hayo ndiyo nauli yao ya kurudi kaskazini. Ukiwakurupusha kila siku kwa ajili ya picha, wanahama, na bustani inabaki na kunguru.

Singapore walilielewa hili mapema. Pale Sungei Buloh palikuwa na mabwawa ya zamani ya kamba. Wapenda ndege wakapagundua mwaka 1986, wakaiomba serikali, na mwaka 1993 pakafunguliwa kwa umma. Hawakuyafukia yale mabwawa. Walibakiza milango ya maji, wakawa wanapunguza maji bwawani wakati bahari inajaa nje, ili ndege wapate tope hata saa ile. Sisi tunapokwenda kuchimba bonde zima kwa mitambo, kuacha kisiwa kimoja kilichoinuka, chenye mchanga na kokoto, kisicho na daraja la kufikia, gharama yake haionekani hata kwenye hesabu. Lakini lazima kiwe kwenye mchoro sasa. Baada ya mitambo kuondoka hakuna atakayerudi kukijenga.

Kuhusu vibanda vya kuangalia ndege nina mambo machache.

Kibanda kikae upande wa Upanga, kitazame kaskazini. Msimu wa wageni, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari, jua la Dar linapita upande wa kusini. Ukiwa ukingo wa Upanga jua linakuwa nyuma yako au ubavuni mwako karibu siku nzima, na ndege anaonekana na rangi zake. Ukikiweka kibanda upande wa Kinondoni utaangalia vivuli vyeusi tu na macho yatakuuma.

Matundu ya kuchungulia yawe ya vimo vitatu: mtu mzima aliyesimama, mtu aliyekaa kwenye benchi au kiti cha magurudumu, na mtoto wa darasa la pili. Vibanda vingi vina tundu moja, na watoto wanabebwa mabegani wakipiga kelele. Njia ya kufika kibandani izibwe pembeni kwa makuti au mianzi, kwa sababu ndege hamwogopi mtu aliye ndani ya kibanda. Anamwogopa yule anayetembea kuelekea kibandani akionekana mwili mzima.

Taa za usiku zisielekezwe majini. Bustani yenye ndege ifungwe jioni, na taa zibaki kwenye lango na maegesho.

Takataka: mapipa yenye mifuniko, na mama lishe na wauza madafu wapewe eneo zuri langoni, si ndani. Kunguru wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wanaishi kwa mabaki yetu na kuvamia viota vya wengine. Pipa moja lililo wazi karibu na mikoko linatosha kuwakaribisha.

Karibuni tujadili. Najua humu kuna wahandisi, walimu na watu wa bondeni.

---

Mzee wa Salenda

Mwanzisha uzi, hongera. Mimi nimevuka lile daraja miaka mingi, asubuhi na jioni, na sikuwahi kujua kwamba wale wadogo wanatoka Siberia. Ongezea kitu kimoja: harufu. Mto huu unashuka kutoka milima ya Pugu, unapita viwandani na machinjioni, unafika huku umebeba kila kitu. Utamweka mtu kibandani saa mbili akivuta hewa ile?

---

Kitwitwi wa Upanga

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa penyewe. Bustani haitasafisha mto. Tope lenyewe lina harufu yake ya asili, na hiyo si uchafu, ila maji taka ni jambo jingine kabisa. Kama viwanda vitaendelea kumwaga juu, kibanda huku chini kitakuwa mapambo. Ndiyo maana nasema kibanda cha kwanza kiwe chepesi na cha bei ndogo, na fedha nyingi zibaki juu kwenye chanzo cha uchafu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Itumike kwa kiwanda kama ilivyotumika kwa nyumba za watu.

---

Binti Suna

Samahani, naomba niseme kwa uchungu kidogo. Mimi nimezaliwa Magomeni Suna. Nyumba ya mama iliwekwa alama ya X nyekundu ya kubomolewa, na majirani wengi wametawanyika. Leo nasoma kuhusu matundu matatu ya kuchungulia ndege. Ndege wana mtetezi, na sisi? Bustani ikiisha tutaisikia kwenye taarifa ya habari, na langoni kutakuwa na mlinzi anayekuangalia viatu.

---

Kitwitwi wa Upanga

Dada Binti Suna, huna haja ya kuomba samahani. Fidia na mahali pa kuhamia ni deni linalotangulia bustani, na sitajaribu kulifunika kwa habari za ndege.

Kuhusu lango ninaweza kusema kitu, kwa sababu lango bado halijajengwa. Ramani nyingi za namna hii huweka mlango mkuu upande wenye magari, yaani Upanga au barabara kubwa. Mimi napendekeza milango midogo ya miguu ifunguke Kigogo, Hananasifu na Mchikichini, kwenye njia ambazo watu tayari wanapita kuvuka bonde. Kiingilio kisiwepo kabisa kwa mwananchi. Wanaopaswa kulipa ni wageni wa nje, wanaokodi darubini na wanaotaka kuongozwa. Na waongozaji watoke mitaa ile ile. Kijana aliyekulia bondeni anajua maji yanajaa saa ngapi bila kuangalia simu, anajua mahali pa kukanyaga na mahali pa kuzama. Majina ya kitabuni anaweza kujifunza kwa msimu mmoja. Hayo mengine huwezi kumfundisha mtu wa kutoka nje kwa miaka mitano.

Na wakulima wa mchicha wa bondeni wasisahaulike. Ukiwaondoa wote ghafla bila mahali pengine, umeondoa macho yanayolinda eneo kila asubuhi.

---

Binti Suna

Nimekuelewa. Hilo la milango liandikwe kwenye mchoro, lisiishie kwenye uzi. Tumeahidiwa mengi kwa mdomo.

---

Mgiriama Halisi

Jamani, njooni mtembelee kwetu Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Ghuba ya Mida ina mikoko pande zote, na kuna njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko hadi kwenye kibanda kinachotazama tope. Ukikaa pale maji yanapoanza kujaa, ndege wanasukumwa polepole kuja upande wako, wala huhitaji kumfuata ndege hata mmoja. Hiyo ndiyo siri: kibanda kisiende kwa ndege, kiwekwe pale ambapo maji yenyewe yatawaleta.

Na kuna jambo linalomhusu dada wa Suna. Tangu 2001 shirika la A Rocha Kenya lina mpango ambao pesa za utalii wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke husaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vya jirani. Mzazi ambaye mwanawe yuko shuleni kwa sababu ya ule mkoko, huyo hahitaji mlinzi wa kumkataza kukata boriti.

---

Fundi Mbao

Mimi ni fundi, nizungumzie hiyo njia ya mbao. Kwenye maji ya chumvi mbao laini haidumu. Kuna wadudu wa baharini wanaotoboa nguzo kwa ndani, nje unaona mti mzima, ndani ni mirija mitupu. Mbao ngumu ni ghali, na mkisema mtumie boriti za mikoko mtakuwa mnakata mnachokilinda. Misumari ya kawaida ndiyo inaoza kwanza, kabla ya mbao. Tumia bolti zilizopakwa zinki kwa kuchovywa, na uache nafasi kama sentimita moja kati ya ubao na ubao ili maji na mwanga vipite, ila gurudumu lisinase.

Siku hizi kuna mbao za plastiki iliyoyeyushwa. Majirani zetu wa Lamu walijenga jahazi zima, Flipflopi, kwa plastiki na kandambili zilizookotwa ufukweni, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kama plastiki hiyo inabeba jahazi baharini, sakafu ya njia ya watembea kwa miguu inaiweza. Na plastiki ya kutosha iko hapo hapo mtoni.

Nguzo zipigwe kwa mikono, mkifuata vijia vilivyopo. Mashine ikiingia kwenye mchu inavunja ile mizizi ya kupumulia inayochomoza juu, na mti unakufa taratibu bila kukatwa.

---

Kitwitwi wa Upanga

Fundi, ahsante sana. Naomba unieleze: kibanda kinachofunguliwa na kuhamishwa kabla ya masika kinawezekana? Mafuriko ya Msimbazi yanakuja na magogo.

---

Fundi Mbao

Kinawezekana. Nguzo zinabaki, kuta na paa zinashushwa vipande vipande, vijana wanne kwa siku moja. Ila choo kisijengwe bondeni kabisa, kiwe juu kwenye ukingo. Choo kikifurika mara moja, umemaliza kazi ya mwaka mzima.

---

Nyakisumu

Fundi amesema kweli kuhusu mafuriko, na mimi niko Kisumu. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mpaka yakapita rekodi ya 1964. Vitu vilivyojengwa ufukweni kwa kiwango cha maji ya kawaida vilimezwa. Pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, tuna mafunjo, na kwenye mafunjo kuna ndege ambao hawaishi nje ya mafunjo. Wageni wanapelekwa kwa mtumbwi, na mtumbwi una faida hii: maji yakipanda, nao unapanda. Kwa hiyo msiweke fedha zote kwenye zege na nguzo. Fikirieni pia mitumbwi michache isiyo na injini, yenye njia iliyopangwa, isiyokaribia kile kisiwa cha kulala.

---

Mwana wa Maskati

Salaam kutoka Ghuba. Kwanza, huyo mla kaa wenu ni jirani yetu. Kwenye matope ya Barr al Hikman huku Oman wanajaa wakati wa baridi. Pili, nimewahi kufanya kazi Dubai, na pale Ras Al Khor, mwisho wa hori, kuna hifadhi iliyoingizwa mwaka 2007 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani hupiti. Unasimama kwenye kibanda pembeni ya barabara kuu, hulipi kitu, na heroe wamejaa mbele yako, nyuma yao maghorofa. Mji mzima wa magari umezunguka eneo ambalo hakuna anayekanyaga. Kwa hiyo anayesema jambo hili haliwezekani katikati ya jiji, mwelezeni kwamba lipo, na limewekwa na watu wasio na haya ya kujenga.

---

Mwalimu Mstaafu

Nasoma tangu asubuhi. Nyote mmeongelea wageni na wahandisi. Shule za msingi zinazopakana na bonde lile ni nyingi, na mtoto wa Kigogo anajifunza kuhusu twiga ambaye hajawahi kumwona, wakati sululu yuko mwendo wa robo saa kwa miguu. Wekeni siku za shule katikati ya wiki, na kibanda kimoja kiwe na ukuta wenye picha na majina ya Kiswahili ya kila ndege. Majina haya yanapotea. Wavuvi wa zamani walikuwa nayo, vijana wanasema "ndege wa baharini" basi.

Na mimi ninatembelea fimbo. Benchi kila mita mia, tafadhali, zenye mgongo wa kuegemea.

---

Kitwitwi wa Upanga

Mwalimu, benchi zako nimeziandika. Na majina, nitahitaji msaada wako, kwa sababu Kunduchi wanamwita ndege huyu hivi na Bagamoyo vile.

Nakubali marekebisho mawili makubwa kutoka kwenu. La Mida, kwamba kibanda kiwekwe mahali maji yanapowasukuma ndege, ni bora kuliko nilivyofikiri, na linaweza kugongana na hoja yangu ya jua. Ikibidi kuchagua, tutachagua maji. La Dunga kuhusu mitumbwi ninalipenda, ila Salenda mkondo ni mkali maji yakitoka, kwa hiyo labda juu zaidi, na saa za maji kujaa tu.

Pale nisipokubali kusogea ni kile kisiwa. Nimeshaona picha nzuri za bustani za mito zenye madaraja madogo ya kupendeza yanayovuka kila upande. Tukiweka daraja hata moja kwenye kisiwa hicho, tutakuwa na mahali pazuri pa kupigia picha, na ndege tutawaona Bagamoyo.

---

Mpita Njia 88

Hoja nzuri zote, lakini zitamfikia nani? Wapangaji hawasomi humu.

---

Kitwitwi wa Upanga

Swali zuri. Naona njia mbili. Ya kwanza ni barua kupitia ofisi za serikali za mitaa za Upanga, Kigogo na Hananasifu, kwa sababu mradi unatakiwa kupokea maoni na malalamiko ya wananchi, na barua yenye mhuri wa mtaa haitupwi kirahisi. Binti Suna, nakuomba uandike aya ya milango na ajira kwa maneno yako, nisikuandikie mimi. Fundi aandike ukurasa mmoja wa vifaa.

Ya pili ni takwimu zetu wenyewe. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa Afrika nzima, siku zinazokaribiana, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kujitolea. Mchoro wa mhandisi unabadilika akionyeshwa kwamba ndege walisimama hapa, idadi hii, saa hii maji yakiwa yamejaa. Hisia zetu hazitambadilisha. Kwa hiyo tukusanyike Jumamosi moja Salenda, upande wa Upanga, mara mbili kwa siku hiyo hiyo: maji yakiwa yamekupwa, tuhesabu wanaokula, na maji yakiwa yamejaa, tuone wanakwenda kusimama wapi. Hilo la pili ndilo ninalolitaka zaidi. Nitaangalia jedwali la maji nitafute Jumamosi ya bamvua, kisha nitaweka saa hapa. Barua ya kuwajulisha polisi nitaipeleka mimi mapema. Njooni na kofia, maji ya kunywa, na darubini kama unayo. Asiye nayo asikae nyumbani, tunahitaji pia wa kuandika.